Kabla Hujalipia Subaru

Anayetaka kununua Subaru hupewa ushauri wa aina mbili kabla hajafika yadi. Wa kwanza hutoka kwa aliyeipenda: gari linashika barabara, kwenye kona haliyumbi, matope linapita. Wa pili hutoka kwa aliyeumia: linabugia mafuta, spea zake ghali, na siku injini ikinoki utauza kiwanja. Wote wawili wanasema kweli. Ila mara nyingi wanazungumzia magari tofauti yenye nembo moja, na mnunuzi asiyejua kuyatofautisha hulipia sifa za gari la mmoja akaondoka na gari la mwingine.

Namwandikia mnunuzi huyo: mwenye akiba ya miaka, anayetafuta Forester, Impreza au Legacy iliyotumika, na asiyetaka kuongozwa na mashabiki wala na waliokata tamaa. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosifiwa na yanayolalamikiwa kuhusu Subaru yametokana na maamuzi ya wahandisi wake wa zamani. Ukiyafahamu maamuzi hayo, utajua pa kuangalia gari litakapokuwa mbele yako.

Mwaka 1917, Chikuhei Nakajima, mhandisi katika jeshi la majini la Japani, aliacha kazi akaanzisha karakana ya ndege mkoani Gunma, kaskazini-magharibi ya Tokyo. Nakajima ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita nchini humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wajapani walikatazwa kutengeneza ndege, na mafundi wale wakabaki na ujuzi usio na kazi. Wakageukia vitu vya raia, kikiwemo skuta iliyoitwa Rabbit, ambayo mifano yake ya kwanza ilifungwa gurudumu la mkia la ndege ya kivita. Kampuni yenyewe ikavunjwavunjwa. Mwaka 1953, tano kati ya kampuni zilizotokana nayo zikaungana na kuunda Fuji Heavy Industries, na rais wake wa kwanza, Kenji Kita, akaliita gari lao Subaru, jina la Kijapani la nyota za Kilimia. Nyota kubwa kwenye nembo ni ile kampuni mpya; zile ndogo tano ni zilizoungana. Jina Subaru Corporation kampuni ililichukua Aprili 2017.

Miongoni mwa waliotoka kwenye ndege alikuwa Shinroku Momose, na huyu ndiye aliyeunda Subaru 360 ya mwaka 1958, kigari chenye injini ya cc 356 kilichowapa familia nyingi za Kijapani gari lao la kwanza. Nyumbani kilipendwa. Marekani, kilipoanza kuuzwa mwaka 1968, jarida la Consumer Reports lilikipima na kukitangaza mwaka uliofuata kuwa hakifai. Gari ni lile lile. Barabara na mahitaji ndivyo vilivyobadilika. Tangu hapo sifa ya Subaru imekuwa ikitegemea sana linatumika wapi na nani analiendesha.

Uamuzi uliozaa mengi zaidi ulikuja mwaka 1966, katika Subaru 1000. Momose na wenzake waliilaza injini. Badala ya pistoni kupanda na kushuka, zinakwenda kushoto na kulia, mbili upande huu na mbili upande ule, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Uzito wa injini ukakaa chini na katikati, na mtikisiko ukapungua kwa kuwa pistoni za pande mbili zinajibizana. Ndiyo maana Forester, ingawa imenyanyuka, haiegemei sana kwenye kona. Lakini injini iliyolala ina silinda hedi mbili badala ya moja. Kwa hiyo ina gasketi mbili za kuvuja, kava mbili za kutoa oili, na plagi zilizobanwa ubavuni karibu na bodi, ambazo fundi asiyezizoea huzikwepa. Huwezi kuchukua uzuri wa mpango huu ukaacha gharama yake.

Uamuzi wa pili ulitokana na theluji. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kufikisha mafundi wake milimani kukagua nyaya wakati wa baridi, lenye starehe kuliko jipu. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakalichukua gari la kawaida la mizigo midogo na kulifunga difu ya nyuma. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Leone ya mwaka 1972, gari la kifamilia ambalo tairi zote nne zinaweza kuvuta. Wamarekani wa majimbo yenye theluji walilikimbilia, na kampuni ilipochunguza wateja wake miaka ya 1990 iliwakuta walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta na wapenda milima. Watu hao wanataka gari la kuwafikisha, wanalihudumia kwa ratiba, na hukaa nalo muda mrefu. Sifa ya Subaru kudumu, unayoisoma kutoka huko, imejengwa na wamiliki wa tabia hiyo.

Huku kwetu jina lilikuja kwa mlango mwingine. Safari Rally ndiyo iliyotufundisha Subaru. Mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru aliimaliza Safari akiwa na Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc 700. Colin McRae, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza ya buluu, na Richard Burns akashinda ya mwaka 2000, mwenzake Juha Kankkunen akishika nafasi ya pili. Mtoto aliyesimama kando ya barabara ya vumbi akiyaona magari yale yakiruka hakusahau. Alipokua na kupata kazi, Subaru aliyoitaka ilikuwa yenye turbo, ekzosti kubwa na mngurumo. Nairobi likawa gari la vijana wa mwendo kasi, na mitaani likahusishwa pia na polisi waliovaa kiraia. Hivyo sehemu kubwa ya sifa mbaya ya Subaru hapa Afrika Mashariki ni habari ya namna yalivyoendeshwa magari yaliyokwisha tumika kabla hayajavuka bahari. Uhandisi una lawama zake, nami nitazitaja, lakini kila simulizi la injini iliyokufa lipime kwanza kwa kuuliza: lilikuwa na turbo? Lilifanyiwa marekebisho? Oili ilibadilishwa lini?

Kuna kosa jingine linalofanywa na wanaojisomea sana. Wanafungua maelezo ya Kimarekani, wanakuta vilio vya gasketi za silinda hedi, na wanaikataa Subaru yoyote. Vilio vile ni vya kweli: injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, ya familia ya EJ25, ilisumbua wamiliki wengi tangu katikati ya miaka ya 1990, nyingine zikivujisha gesi ndani ya maji ya rejeta, nyingine zikitoa oili na maji kwa nje. Lakini Japani, kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa ngazi kulingana na ukubwa wa injini, na lita 2 ni mojawapo ya ngazi hizo. Ndiyo maana Forester nyingi zinazotufikia kutoka huko zina injini ya lita 2. EJ20 isiyo na turbo haina jina baya kama dada yake mkubwa. Haiponi ikichemshwa, hiyo ni kweli, lakini hakuna injini ya silinda hedi za aluminiamu inayofurahia kuchemka.

Basi jambo la kwanza, kabla ya rangi na rimu, ni kujua ni injini gani. Forester ina herufi za chesisi zinazokwambia mengi. SG5 ni ya mwaka 2002 hadi 2007. SH5 ni ya mwisho wa 2007 hadi 2012. SJ5 iliingia mwisho wa 2012, na ukiona SJG ujue ni ile yenye turbo. SG5 zote, na SH5 za mwanzo, zina injini ya EJ, inayotumia taimingi belti. Kuanzia mwisho wa mwaka 2010, SH5 isiyo na turbo ilipewa injini mpya ya FB20, inayotumia cheni.

Tofauti hiyo ina maana kubwa mfukoni. Taimingi belti ya EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugonga pistoni na kupinda. Fungua boneti utafute kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu za kilomita. Mafundi wa Japani wana desturi ya kukibandika wanapobadilisha belti. Usipokiona, na muuzaji hana risiti, ihesabu belti kuwa haijabadilishwa na upunguze bei ya gari kwa gharama ya kazi hiyo. Kazi kamili ni belti pamoja na tenshona, puli zake na pampu ya maji. Kubadilisha belti peke yake na kuacha beringi za puli zilizochoka ni kuokoa pesa kidogo na kuweka rehani injini nzima.

FB20 imekuondolea hofu ya belti, ila zile za mwanzo zilikuja na tatizo lake: baadhi hula oili. Wamarekani waliifungulia kampuni kesi mwaka 2014, na makubaliano yakairefusha dhamana kwa wamiliki walioathirika. Kampuni iliirefusha pia huko dhamana ya giabox za CVT, baada ya malalamiko, hadi miaka 10 au maili 100,000. Sisi tunaonunua gari la mtumba hatuna dhamana hizo, kwa hiyo zichukue kama ramani ya palipo na udhaifu. Nitaje na hili, kwa kuwa linahusu uaminifu wa kampuni yenyewe: mwaka 2017 ilibainika kuwa ukaguzi wa mwisho wa magari katika viwanda vyake vya Japani ulikuwa ukifanywa pia na wafanyakazi wasio na idhini, na magari mamia ya maelfu yakaitwa kukaguliwa upya. Hata nembo yenye historia nzuri inahitaji macho ya mnunuzi.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, uliza kwa heshima kwa nini, kisha rudi siku nyingine asubuhi. Subaru yenye ugonjwa husema ukweli ikiwa baridi, na nusu saa ya kuunguruma hutosha kuficha mengi.

Injini ikiwa baridi bado, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama, umeshajua tabia ya mwenye gari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo aga uondoke. Fungua kifuniko cha rejeta (baridi tu, kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto) uangalie kama maji yana utando wa mafuta. Kisha aliyekuja nawe aliwashe gari, wewe ubaki mbele. Mlio hafifu wa kugonga unaosikika sekunde chache na kupotea unaweza kuvumilika katika EJ ya zamani. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka unapokanyaga mafuta ni beringi za konrodi, na hiyo ndiyo injini inayonoki. Bei yoyote ni ghali. Angalia moshi: wa buluu ni oili inaungua, mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji. Acha injini iendelee hadi feni za rejeta ziwake zenyewe na kuzima. Wakati huo tazama tangi dogo la maji. Povu linalopanda bila kukoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi, na mshale wa joto usikudanganye kwa kutulia, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza baada ya mlima mrefu au foleni ya jua kali.

Chuchumaa uangalie chini ya injini, pande zote mbili, pale silinda hedi inapokutana na bloku. Unyevunyevu wa oili kwenye gari la miaka kumi na mitano hauogofyi. Kava za valvu huchoka na gasketi zake hubadilika. Oili inayodondokea ekzosti ndiyo utakayoinusa ndani ya gari. Chini palipooshwa kwa mvuke na kung'aa siku hiyo hiyo, ulizia nani ameosha na kwa nini.

Halafu tairi. Wengi hulipuuza hili, na linaua magari. Kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, tairi zote zinatakiwa ziwe za saizi moja na za kuchakaa kwa kiasi kinacholingana. Mzingo wake usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huifanya mitambo ya kugawa nguvu ishindane na nafsi yake kila mita unayokwenda. Kulipima, tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho, uende polepole kwa duara. Gari likiwa linasita na kurukaruka kama limekanyagiwa breki, kuna dosari kwenye mgawanyo huo wa nguvu, nayo si kazi ya bei rahisi.

Unapoagiza moja kwa moja Japani huna nafasi ya kuweka kiganja kwenye boneti, basi karatasi ya mnada ndiyo macho yako. Omba picha ya karatasi halisi, usikubali maelezo ya muuzaji. Alama ya 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina makovu. R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mikwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kutu usiidharau, kwani magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zenye chumvi ya kuyeyushia theluji, na huko ndiko Subaru inakopendwa. Anayeingiza gari Kenya akumbuke sharti la umri usiozidi miaka minane. Wa Tanzania apige kwanza hesabu ya ushuru wa uchakavu, kwa maana gari la bei ndogo mnadani linaweza kuwa ghali bandarini.

Kuhusu turbo nitasema wazi. Ni gari tamu, nami naelewa kwa nini watu wanaipenda. Lakini turbo za Japani zimetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa huko, na petroli yetu ya kawaida haifikii kiwango hicho. Ukiongeza ekzosti kubwa na msukumo wa turbo bila kurekebisha kompyuta ya injini, pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi. Katika EJ zenye turbo kuna pia kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Oili ikichelewa kubadilishwa huziba, na turbo hukaukiwa. Ukiinunua, iwe haijachezewa, na oili uimwage kila kilomita 5,000 bila kusubiri mwezi wa mshahara. Ukiona alama za mitambo iliyofungwa ikafunguliwa, mabomba mapya karibu na turbo au geji zilizotobolewa kwenye dashibodi, mwachie mwingine.

Kabla hata ya kununua, tafuta fundi. Mwulize maswali mawili: amewahi kufungua injini ya Subaru na kuifunga mwenyewe, na anatoaje hewa kwenye mfumo wa maji baada ya kujaza rejeta. Swali la pili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu injini iliyolala hubana hewa kirahisi, na hewa hiyo huzuia maji kuzunguka hadi gari lichemke siku mbili baada ya matengenezo. Fundi anayelijua atakueleza bila kusita. Mwambie pia kwamba thamostati na oili unanunua mwenyewe kwa muuzaji mwenye spea halisi. Thamostati ya bandia imeharibu gasketi nyingi, na oili nzito ya kila gari haifai kwa FB20, iliyoundwa kwa 0W-20.

Ungeniuliza ninunue ipi kwa familia ya watoto watatu, shule, na safari ya kijijini mwisho wa mwaka, ningekwambia Forester ya lita 2 isiyo na turbo: SJ5, au SH5 yenye FB20 ambayo umeipima oili yake kwa makini. Na usimalize akiba yote yadini. Bakiza ya tairi nne za pamoja, ya kumwaga oili zote pamoja na ya giabox na difu, na ya maji mapya ya rejeta, kazi zifanywe wiki ya kwanza kabla gari halijaenda mbali. Kama bei uliyopewa haikuachii pesa hiyo, shuka mwaka mmoja au miwili wa utengenezaji, au rudi nyumbani uongeze akiba.